Nilivyopima ulevi wa kazi ofisini, nikajikuta ndani

Mwaka juzi niligawa dodoso ofisini kwetu hapa Mbeya, mimi nikiwa afisa utumishi. Nilichukua kipimo cha Bergen kilichotoka Norway mwaka 2012: maswali 7 kuhusu mwaka uliopita, kila moja linajibiwa kuanzia 1 (sijawahi) hadi 5 (kila mara). Ukiweka 4 au 5 kwenye maswali yasiyopungua 4, kazi imekushika.

Nikayatafsiri mwenyewe usiku mmoja. Hapo ndipo nilipoharibu. Swali la kuacha hobi kwa sababu ya kazi, wengi walilirudisha tupu. Dada wa masijala akanifuata mezani: "Kaka, hobi ndo nini? Mimi nikitoka hapa naenda Uyole kupalilia viazi." Kwenye karatasi yangu yeye ni mlevi wa kazi, kumbe anatafuta ada ya mtoto. Vijana wa mauzo nao wakajaza 5 kila mahali. Majina yao yalikuwa juu ya karatasi, na kwetu mchapakazi anasifiwa. Baada ya "Hapa Kazi Tu" ya 2015, nani ajiandikie 1?

Kwa hiyo ukitaka kupima kwenu, toa majina. Badala ya hobi, uliza mtu amekosa misiba mingapi, vikao vya harusi vingapi, mazoezi ya kwaya. Halafu tenganisha mambo mawili, kama mtafiti Schaufeli na wenzake walivyofanya walipopima Uholanzi na Japani mwaka 2009: kufanya kazi kupita kiasi, na kusukumwa na kitu cha ndani usiweze kuacha. Saa peke yake zinadanganya. Sheria yetu ya ajira inataka saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Wa viazi anazipita mbali, ila mpe hiyo ada leo uone kama jioni atashika jembe.

Mimi niliweka 4 au 5 kwenye maswali 5 kati ya 7. Nikajisemea, maswali ya Wazungu hayo.

Kisha tukaenda msibani Tukuyu. Wanaume wamezunguka moto, manyunyu hayakatiki, mimi nimejibanza nyuma ya migomba natafuta mtandao nitume ratiba ya likizo. Likizo za watu wengine! Shangazi akapita na ndoo ya maji, akanimulika tochi usoni. "Mwanangu, na wewe umefiwa na simu?"

Siku hizi nikifika msibani simu inabaki kwenye gari. Mara ya kwanza nilirudi garini mara tatu, nadai nafuata koti.