Maswali ya Wasomaji: Zinki ya Mashua na Betri ya Volta

SWALI: Ndugu Mhariri, mashua yangu ya mbao ina injini ya ndani na propela ya shaba ya manjano. Fundi alifunga zinki kwenye shafti, akaipaka rangi ili isiliwe na bahari. Sasa propela imeingia wekundu na ncha zinameguka, lakini zinki ni nzima kama ilivyotoka dukani. Kulikoni? – Mvuvi, Deep Sea, Tanga

JIBU: Zinki kubaki nzima ndilo tatizo lenyewe, maana kazi yake ni kuliwa. Metali mbili zilizogusana zikiwa ndani ya maji ya chumvi, umeme hupita kati yao, na ile inayoachia elektroni kwa urahisi ndiyo inayoyeyuka. Zinki huachia upesi kuliko shaba, mradi iguse maji. Rangi imeizuia. Matokeo yake bahari imefyonza zinki iliyochanganywa ndani ya propela, ikaacha shaba tupu yenye vitundu. Igonge kwa nyundo ndogo: nzima hulia, iliyooza hutoa sauti butu, na hiyo ni ya kubadilisha.

Mashua ikipandishwa, kwangua shafti ing'ae pale zinki inapokaa, funga zinki mpya, kaza bolti, usipake rangi wala grisi. Weka mita ya umeme kwenye omu (kipimo cha ukinzani), ncha moja kwenye zinki na nyingine kwenye propela. Isizidi omu 1. Kanuni za mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday za miaka ya 1833 na 1834 zinakupa hesabu: ampea 1 kwa saa 1 huyeyusha zinki kama gramu 1.2. Mkondo wa ampea 0.1 usiokatika utakula karibu gramu 88 kwa mwezi, kwa hiyo kipande cha nusu kilo kitafika nusu kabla ya miezi 3. Kikifika hapo, badilisha.

Ila usirundike zinki kwa kuogopa. Ikizidi, magadi hujikusanya kwenye shaba na kulainisha mbao zinazozunguka bolti. Mwaka 1824 mkemia Mwingereza Humphry Davy alifunga vipande vya chuma kwenye mabati ya shaba yaliyofunika matumbo ya meli za kivita za Uingereza. Shaba ikaacha kuliwa kweli, lakini mwani na wanyama wa magamba wakaganda tele, kwa sababu sumu iliyowafukuza ilikuwa ni hiyo shaba inayoyeyuka. Meli zikawa nzito, mpango ukaachwa.

SWALI: Tumepanga vipande 10 vya shaba na zinki kwa vitambaa vya maji ya chumvi, kama Volta, Mwitaliano aliyebuni betri. Taa nyekundu ya LED iliwaka, ikafifia. Tulipoongeza vipande, volti hazikupanda. – Mwalimu wa sekondari, Bagamoyo

JIBU: Kuhusu volti, kosa hilo Volta alilijua tangu alipotangaza betri yake mwaka 1800. Uzito wa rundo hukamua vitambaa vya chini, maji yakachuruzika pembeni na kuunganisha vipande visivyopaswa kukutana. Kata vitambaa viwe vidogo kidogo kuliko vipande, vikamue visidondoshe, futa kingo. Volta mwenyewe alitumia pia vikombe vilivyopangwa mviringo.

Kufifia ni habari nyingine: viputo vya haidrojeni hufunika shaba. Mkemia Mwingereza John Daniell alilitatua mwaka 1836, na vifaa vyake mnavyo hapo hapo. Yeyusha gramu 100 za mrututu (salfeti ya shaba) katika nusu lita ya maji, tumbukiza shaba. Ndani yake simamisha kichungu cha udongo kisichopakwa rangi, chenye maji ya chumvi na zinki. Kopo la betri kavu ya zamani ya redio ni zinki. Za alkalaini ni chuma, msizifungue. Seli moja hutoa karibu volti 1.1, hivyo LED nyekundu itahitaji mbili. Zinki ikiwa nyeusi haraka, mrututu umepenya: chungu kina ufa au kimekaa mno. Mrututu ni sumu, usimwagwe mtaroni wala chombo hicho kisirudi jikoni.

SWALI: Betri ya sola imepungua maji. Niongeze ya kisima? – Msomaji, Bagamoyo

JIBU: Hapana. Visima vingi vya pwani vina munyu, na kloridi hula vishikizo vya risasi vya bamba chanya. Ongeza maji yaliyokenekwa tu, juu kidogo ya mabamba, na baada ya kuchaji. Asidi usiongeze; haipungui kwa kuchemka, maji ndiyo yanayopungua.