Maswali ya Wasomaji: Makro za Sifa Ndani ya Kiini cha Linux

SWALI: Ndugu Mhariri, kikundi chetu kinatengeneza kifaa cha kupima kina cha maji ya ziwa, kitakachofungwa Kibirizi. Kinaendeshwa na kompyuta ndogo ya bodi moja yenye Linux, nami nimepewa kazi ya kuandika draiva, yaani programu inayouwezesha mfumo kuongea na kifaa. Katika mfano ninaoufuata kuna mstari mmoja tu, CONFIGFS_ATTR(kipima_, kizingiti). Kisha chini yake linatumika jina kipima_attr_kizingiti. Nimelitafuta jina hilo kwa grep, programu ya kutafuta maneno ndani ya mafaili, katika msimbo wote bila kuona mahali linapotangazwa. Linatoka wapi? Na kwa nini wataalamu wa kiini (kernel) cha mfumo endeshi wasiandike wazi wanachokitaka, badala ya kukificha ndani ya makro, yaani kifupisho kinachogeuzwa kuwa msimbo mrefu? – Msomaji, Ujiji, Kigoma.

JIBU: Ndugu msomaji, grep haikupata tangazo la jina hilo kwa sababu hakuna mtu aliyeliandika tangazo hilo. Limeundwa na kichakataji awali, yaani hatua ya kwanza ya kompaila ya C, ambayo hugeuza makro kuwa msimbo wa kawaida kabla kompaila yenyewe haijaanza kuusoma. Tangu lugha ya C iliposanifishwa na ANSI mwaka 1989, hatua hiyo ina alama mbili zinazotuhusu hapa: ## huunganisha vipande viwili vikawa jina moja, na # hugeuza neno kuwa mfuatano wa herufi ulio ndani ya alama za nukuu. Makro unayoiuliza ni ya configfs, njia ya kiini ya kumwezesha mtumiaji kupanga mambo kupitia mafaili, nayo imo katika faili include/linux/configfs.h, na mstari wako ukishapita humo hutoka ukiwa na maana hii:

static struct configfs_attribute kipima_attr_kizingiti = {
    .ca_name = "kizingiti",
    .ca_mode = 0644,
    .ca_owner = THIS_MODULE,
    .show = kipima_kizingiti_show,
    .store = kipima_kizingiti_store,
};

Hapo unaliona jina ulilokuwa ukilitafuta, na unaona pia kwamba neno kizingiti, uliloliandika mara moja, limetumika mara nne: katika jina la muundo, katika jina la faili atakaloliona mtumiaji, na katika majina ya fanksheni mbili, moja ya kusoma thamani na nyingine ya kuiandika. Hilo ndilo jibu la sehemu ya pili ya swali lako. Makro hii haikuwekwa ili kuficha kitu, bali ili mambo manne yanayopaswa kwenda pamoja yasiachane. Draiva yenye sifa ishirini, yaani thamani ishirini ambazo kila moja ina faili lake, ikiandikwa yote kwa mkono, ipo siku mtu atanakili muundo wa sifa moja, abadilishe jina la faili na asahau kubadilisha fanksheni ya kuandika. Kompaila haitalalamika, kwa kuwa fanksheni zote hizo zina umbo moja, na mtumiaji atakayebadilisha kizingiti atakuwa anabadilisha muda wa kupima bila kujua. Kwa makro, ukikosea herufi moja katika jina la fanksheni, kompaila hukataa palepale.

Ukitaka kuona kwa macho yako, usiishie kuniamini. Ndani ya saraka ya draiva yako endesha make -C /lib/modules/$(uname -r)/build M=$PWD kipima.i, utapata faili lenye msimbo uliokwisha kupita kwenye kichakataji awali. Ni faili refu mno kwa sababu limebeba mafaili yote ya vichwa (header) uliyoyajumuisha, kwa hiyo nenda moja kwa moja mwishoni, ndiko uliko msimbo wako. Muundo wote niliouonyesha hapo juu utaukuta umebanwa katika mstari mmoja, maana makro ikishafunguliwa haihifadhi mistari mipya. Ningependa kila anayeanza kuandika draiva ajizoeze kulifungua faili hili kabla ya kuuliza popote, kwa kuwa linajibu karibu maswali yote ya aina hii.

Zipo pia CONFIGFS_ATTR_RO kwa sifa ya kusomwa tu, na CONFIGFS_ATTR_WO kwa ile ya kuandikwa tu. Kina cha maji kilichopimwa kitumie ya kwanza, kwani hakuna maana ya mtu kuandika kina cha ziwa. Ukikutana na mfano wenye CONFIGFS_ATTR_STRUCT, jua kwamba ni wa zamani. Makro hizo ziliondolewa katika toleo la 4.4 la Linux, lililotoka Januari 2016, na mfano huo hautakubali kukompailiwa leo.

Kabla hujaendelea, hakikisha kwamba configfs ndiyo unayoihitaji. Katika sysfs, njia nyingine ya kiini ya kuonyesha sifa kama mafaili, yenye makro zake kama DEVICE_ATTR_RW, kitu huundwa na kiini chenyewe, kwa mfano pale kifaa kinapogunduliwa, na mtumiaji hukuta mafaili yakiwa tayari. Katika configfs, iliyoandikwa na Joel Becker wa Oracle na kuingia katika toleo la 2.6.16 mwaka 2006, mtumiaji ndiye anayeunda kitu kwa mkdir na kukiondoa kwa rmdir, na mafaili ya sifa hujitokeza ndani ya saraka aliyoiunda. Kama kompyuta yenu itahudumia vipimo kadhaa, kimoja gatini na kingine mwaloni, na idadi yao ataiamua mwendeshaji, mfano wenu umechagua vema. Kama kifaa ni kimoja na hakibadiliki, sysfs itawatosha.

Kuna mtego wa majina ambao ni vigumu kuutambua usipouelewa. Kiini hugeuza jina kuwa mfuatano wa herufi kwa kutumia __stringify, ambayo ina ngazi mbili, na kwa sababu hiyo hoja yake hufunguliwa kwanza endapo yenyewe ni makro. Sasa, ndani ya kiini neno current ni makro inayofunguka kuwa get_current(). Ukiamua kuiita sifa yako current, kutegemea idadi ya ngazi ambazo jina limepitia, ama kompaila itagoma kwa ujumbe usioeleweka, ama utapata faili lenye jina get_current(), na mabano yake. Majina ya Kiswahili kama kizingiti hayana hatari hiyo, na sioni sababu ya kuyaonea haya.

Makro haikuandikii fanksheni zenyewe, na huko ndiko nakuomba uweke uangalifu wako wote. Chukua kipima_kizingiti_store. Mtumiaji akiandika echo 250 kuelekea faili hilo, fanksheni yako hupokea baiti nne, tarakimu tatu na alama ya mstari mpya. Itafsiri kwa kstrtouint, fanksheni ya kiini inayogeuza maandishi kuwa namba, inayovumilia mstari mpya mmoja mwishoni na kukataa takataka nyingine. Ikikataa, rudisha kosa ililokupa kama lilivyo. Ikikubali, kagua mipaka, shika kufuli la mutex, linaloruhusu mmoja tu kwa wakati mmoja, kabla ya kubadilisha thamani ili anayesoma wakati huohuo asikute mambo nusunusu, kisha rudisha count, yaani idadi yote ya baiti ulizopewa. Wengi hurudisha urefu wa tarakimu pekee, wakidhani mstari mpya hauhesabiwi. Wakirudisha tatu, programu iliyoandika huona baiti moja imebaki, huituma tena peke yake, kstrtouint huikataa kwa kuwa haina tarakimu, na mtumiaji huambiwa kwamba hoja yake ni batili ilhali 250 imekwisha kuhifadhiwa. Atajaribu tena na tena, na kila mara thamani itawekwa na kosa litatokea.

Jambo la mwisho kwako: pointa (anwani) ya kila muundo lazima iingizwe katika safu inayotajwa na ct_attrs, sehemu inayokiambia configfs kitu chako kina sifa zipi, na safu hiyo imalizike kwa NULL, yaani pointa tupu inayoashiria mwisho. Usipouingiza muundo wako, faili halitatokea na kompaila itakuonya kuwa umetangaza kitu usichokitumia. Ukisahau NULL hakuna atakayekuonya, na kiini kitaendelea kusoma kumbukumbu iliyo nje ya safu.

SWALI: Nimefanikiwa kutumia configfs katika kifaa changu, lakini kila umeme unapokatika mipangilio yote hupotea. Je, kuna makro ya kuihifadhi? Na je, si afadhali nitumie module_param? – Msomaji, Tabora mjini.

JIBU: Makro ya namna hiyo haipo. Vyote unavyoviona chini ya /sys/kernel/config viko kwenye RAM, na kiini hakijishughulishi na kuvihifadhi diskini. Andika skripti fupi inayofanya mkdir na kuandika thamani zako, kisha uiandikie huduma ya systemd, programu inayoanzisha huduma za Linux, ili iendeshwe kila kompyuta inapowaka, baada ya moduli (draiva yako) kupakiwa.

Kuhusu module_param, makro ya kutangaza thamani ambayo moduli hupewa inapopakiwa, ni kweli kwamba ni rahisi zaidi, na thamani yake unaweza kuiweka katika faili lililo chini ya /etc/modprobe.d likasomwa moduli inapopakiwa. Lakini thamani hiyo ni moja kwa moduli nzima, hivyo vifaa viwili haviwezi kuwa na vizingiti tofauti. Tena, ukiipa ruhusa ya kuandikwa, faili lake hutokea chini ya /sys/module na thamani ikibadilishwa hapo draiva yako haipewi taarifa, isipokuwa umetumia module_param_cb na kuandika fanksheni yako mwenyewe ya kupokea badiliko. Kwa kifaa kimoja chenye thamani inayowekwa mara moja wakati wa kuwasha, tumia module_param na uipe ruhusa 0, ili faili lisitokee kabisa.