Waite kwa mazombi, watabaki kwa mjadala

Ukitaka watu wa mtaani waongee bila woga kuhusu jambo zito, waonyeshe filamu ya kutisha. Tangaza "mjadala wa haki za raia" uone: watakuja wale wale wa semina, wanaoulizia posho. Tangaza mazombi, ukumbi unajaa. Wengi wamekulia vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video mtaani, kwa hiyo watapiga kelele na kumkemea mhusika asifungue mlango. Usiwanyamazishe, mjadala umeshaanza hapo.

Ya kuanzia, mimi huchagua Night of the Living Dead ya George Romero, ya mwaka 1968. Ni dakika 96 tu. Tena hakimiliki yake ilipotea Marekani, kwani jina la filamu lilipobadilishwa, alama ya hakimiliki haikuwekwa upya. Kibali cha kuonyesha hadharani ulizia mapema.

Watu wamejifungia katika nyumba ya shambani, Pennsylvania. Wafu wako nje. Ben, mtu mweusi, anataka wabaki juu wapigilie mbao madirishani. Cooper, mzungu mwenye mke na mtoto mgonjwa, anang'ang'ania kuwa chumba cha chini ya ardhi ndicho salama. Usiulize "filamu hii ina ujumbe gani?" maana utajibiwa kama mtihani wa fasihi. Uliza: wewe ungemfuata nani?

Karibu wote husimama na Ben. Kisha mmoja anakumbuka kwamba Ben mwenyewe alikuja kuponea chini, kule alikokukataa usiku kucha. Je, tulimpinga Cooper kwa hoja yake, au kwa ule mdomo wake? Mazungumzo yakifika hapo hayakai tena Pennsylvania. Yanahamia kwa wenyeviti wa mtaa, kwa mabosi, kwa wakwe.

Asubuhi wanafika wanaume wenye bunduki na mbwa. Ben anachungulia dirishani, wanampiga risasi wakidhani ni zombi, na mwili wake unachomwa pamoja na miili ya wafu. Martin Luther King alikuwa ameuawa Aprili mwaka huo huo; filamu ilitoka Oktoba. Sema hayo kwa kifupi, halafu nyamaza. Kwetu mama mmoja alisema, "Hao si wananchi wenye hasira kali?" Tukaongea mpaka giza: vibaka wanaochomwa kwa matairi, na vikongwe wa Kanda ya Ziwa waliouawa kwa kudhaniwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni.

Lazima atatokea wa kuuliza kama Romero alikusudia hayo yote. Nafasi ya Ben haikuandikwa kwa ajili ya mtu mweusi. Duane Jones aliipata kwa kufanya vizuri kwenye usaili. Mimi naona jibu hilo linanogesha mjadala, halivunji.

Anza saa nane mchana, ziba madirisha kwa vitenge. Ukianza usiku, wanawake wataondoka kabla ya mjadala, na utabaki na vijana wanaosifia damu. Mtafute mkalimani wa sauti kubwa, ila mwambie asiongeze vichekesho vyake.

Get Out ya Jordan Peele (2017) iwekeni baadaye, mkishazoeana. Mwanzoni kuna wimbo wa Kiswahili wa Michael Abels, "Sikiliza Kwa Wahenga", unaomwonya shujaa akimbie. Yeye haelewi neno; ukumbi wenu utaelewa, na utaanza kumpigia kelele mapema kuliko ukumbi wowote wa Marekani.