Korosho tuliijua mizani yake

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Gesi au mafuta yakigunduliwa kwenu, diwani ana sauti gani?" Nilikuwa diwani mkoani Mtwara, na ya mwaka 2013 niliyaona kwa macho yangu. Naomba nijibu kwa kirefu.

Sauti ipo, ila imejificha kwenye ushuru wa huduma. Mrabaha, yaani malipo ya kampuni kwa kuchimba, na mgawo wa gesi huenda serikali kuu. Halmashauri, kwa sheria ya fedha za serikali za mitaa ya 1982, wakati wetu iliruhusiwa kutoza asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni. Hiyo ndiyo iliyokuwa yetu.

Sasa tazameni korosho. Mkulima akipeleka magunia chama cha msingi, mizani iko mbele yake, bei ya mnada anaisikia, na diwani mwenye kalamu anaweza kukokotoa ushuru akiwa chini ya mwembe. Gesi ya Msimbati, kijiji chetu cha pwani ya Mtwara, imejulikana tangu 1982, lakini sijakutana na mwanakijiji aliyewahi kuisoma mita yake. Mweka hazina alipotuletea barazani fedha iliyolipwa, ilikuwa tarakimu moja kwenye mstari mmoja. Nikauliza, imetokana na mauzo ya kiasi gani? Nikajibiwa kwamba ndicho kampuni ilichotangaza. Tukapitisha, tukaingia ajenda ya madawati.

Mstari ule naujutia hadi leo. Habari za bomba la kwenda Dar es Salaam zilipoenea, watu walituuliza, "Sisi tunabaki na nini?" Swali lile lilihitaji hesabu, na hesabu hatukuwa nayo. Tarehe 27 Desemba 2012 wakaandamana mjini. Tarehe 22 Mei 2013 bajeti ya Nishati ikasomwa Dodoma, ikawa wazi kwamba bomba linajengwa, mji ukawaka. Majengo yakachomwa, watu wakapoteza maisha, wanajeshi wakaletwa. Ikasemwa kwamba wananchi wamechochewa. Wachochezi walikuwepo, sikatai. Lakini nilikaa barazani kwa wazee na vijana wa kata yangu usiku baada ya usiku, na hakuna aliyeniambia gesi ifungiwe Mtwara milele. Walitaka kujua kinachotoka ni kiasi gani na kinachorudi ni kiasi gani. Bomba lilikamilika 2015, na swali lao lilikuwa bado liko palepale.

Kwa hiyo, diwani mwenzangu wa Tanga, unayesubiri mafuta ya Hoima, Uganda, yafike Chongoleani kwa bomba la kilomita 1,443, usianze na ahadi za ajira. Kabla hujanyoosha mkono kupitisha taarifa ya mapato, dai nakala ya mapipa yaliyopita na fedha iliyolipwa kwa kila pipa, kisha ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa mtaa, kama sisi tulivyozoea kubandika bei ya korosho.

Diwani mstaafu, Mtwara