Je, kampuni inaweza kudai ndama wangu?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mfugaji wa Tukuyu. Nilihimilisha ng'ombe wangu (kumpandikiza mbegu bila dume) kwa mbegu ya jike, yaani iliyochambuliwa ili izae jike, nikapata mtamba mzuri wa Friesian. Sasa mhimilishaji mmoja ananiambia mbegu ile ina hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake) ya kampuni ya Marekani, hivyo kabla ya kuuza mtamba au ndama wake nilipie "kibali cha damu" kupitia kwake. Ni kweli?

Jibu: Marahaba. Usimpe hata shilingi moja. Kibali hicho hakipo.

Hataza anayoitaja haimhusu ng'ombe wako, inahusu namna ya kuchambua mbegu. Mbegu inayozaa jike ina DNA (chembe za urithi) nyingi kuliko inayozaa dume kwa karibu asilimia 4. Mbegu hutiwa rangi, zikapitishwa kwenye mwanga wa leza, na zile zinazong'aa zaidi hutengwa. Njia hiyo ilibuniwa na watafiti wa Idara ya Kilimo ya Marekani, na kampuni zinazogombea maboresho yake hushtakiana zenyewe kwa zenyewe. Wewe ulinunua mrija wa mbegu kihalali, ndama ni wako na uzao wake ni wako. Tena hataza ya Marekani inaishia Marekani, na sheria yetu ya hataza hapa Tanzania haitoi hataza kwa aina za wanyama.

Hofu yenyewe ina chanzo. Mwaka 2008 Ofisi ya Hataza ya Ulaya ilitoa hataza ya kuzalisha nguruwe kwa kupima jeni, kwa ombi lililoanzia Monsanto, kampuni kubwa ya kilimo ya Marekani. Wafugaji wa Ujerumani waliona nguruwe wao wenyewe wanaweza kudaiwa, wakaandamana Munich, na mwaka 2010 ikafutwa. Walikuwa na haki ya kupiga kelele.

Kinachonikera mimi ni hawa wanaoligeuza neno hataza kuwa muhuri wa ubora. "Mbegu hii ina hataza, ndiyo maana bei yake kubwa." Hataza haisemi kama dume ana maziwa kwenye ukoo wake, wala kama mbegu iko hai. Mrija wa kawaida hubeba mbegu milioni 20 hivi. Wa jike mara nyingi milioni 2 hadi 4 tu. Uzembe mdogo unatosha kuzimaliza. Zinatakiwa zikae ndani ya naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, bila kukatiza, mpaka zinapoyeyushwa kwenye maji ya vuguvugu yaliyopimwa kwa kipimajoto, siyo kwapani.

Kwa hiyo, wafugaji wote, dai kuuona mrija kabla haujatumika. Soma jina na namba ya dume, andika kwenye daftari. Kisha mwambie mhimilishaji achovye kijiti kwenye mtungi wa naitrojeni: kikitoka kina barafu nyeupe, naitrojeni ipo. Nimewahi kumwomba hivyo muuzaji mmoja wa "mbegu za hataza" aliyekuwa amezunguka kijiji kizima tangu asubuhi. Kijiti kilitoka kikavu.