Kabla Binti Yako Hajasaini Barua ya Chuo cha Marekani, Uliza Nani Anailipia Timu

Mwezi uliopita mzazi mmoja wa Dareda alinitumia kwa simu picha za barua ya kurasa tatu. Binti yake, mkimbiaji wa mita 5,000 na mbio za nyika ambaye nimekuwa nikimfundisha wakati wa likizo kwa miaka miwili, amepewa nafasi ya kusoma na kukimbia katika chuo kikuu kimoja cha Marekani. "Mwalimu, hiki chuo ni kizuri?" aliniuliza. Nilimjibu kwamba chuo ni kizuri na kocha wake anaheshimika, lakini liko swali jingine ambalo mimi nilipokuwa na miaka 19 sikulijua, na kutolijua kulinigharimu: fedha za timu hiyo zinatoka kisima gani, na je, kisima hicho bado kina maji?

Nilisaini barua yangu mwaka 2017 bila kuuliza chochote. Nyumbani Mbulu tulichinja mbuzi. Mei 2020, wakati wanafunzi tumetawanyika kwa sababu ya UVIKO-19, tuliitwa kwenye mkutano wa mtandaoni, na mkurugenzi wa michezo akatusomea taarifa isiyofika dakika kumi kwamba chuo kimefuta riadha na mbio za nyika za wanaume. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja. Barua yangu ilieleza kwamba ufadhili utaendelea hadi nipate shahada, kwa hiyo nilibaki nikasoma, nikawa nakimbia peke yangu asubuhi kuzunguka uwanja ambao haukuwa wetu tena. Mwenzangu wa chumbani, kijana wa Eldoret aliyekuwa na kasi kunishinda, alikuwa na barua ya mwaka mmoja mmoja. Alipewa wiki chache tu za kutafuta chuo kingine, huku viza yake ikitegemea aendelee kuwa mwanafunzi. Sote wawili tulidhani kwamba janga ndilo lililotuondolea timu. Miaka iliyofuata ilinifundisha kwamba janga lilibomoa ukuta uliokuwa na ufa tangu zamani, na ufa huo ulianzia kwenye televisheni.

Anayelipia king'amuzi hapa kwetu atauelewa mfumo huo bila shida. Ukinunua kifurushi kwa ajili ya taarifa ya habari na tamthilia, unazilipia pia chaneli za mpira usizozifungua kamwe. Marekani ilijenga utajiri wa michezo yake juu ya jambo hilohilo: makumi ya mamilioni ya kaya zilikuwa na televisheni ya kebo, na kila kaya ililipa kila mwezi sehemu ya bili kwa ajili ya chaneli za michezo, iwe mwenye nyumba anapenda michezo au haipendi. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeiondolea NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, mamlaka ya kudhibiti matangazo ya futiboli ya Kimarekani, na tangu hapo vyuo na konferensi zao, yaani ligi ambazo vyuo hujiunga, vilianza kuuza haki za matangazo vyenyewe. Fedha zikamiminika. Futiboli, na kwa kiasi fulani mpira wa kikapu wa wanaume, zikawa ndizo zinazoleta chakula nyumbani, na riadha, kuogelea, mieleka na tenisi zikawa watoto wanaolishwa. Hakuna anayekata tiketi nyingi kutazama mbio za nyika msituni mwezi Novemba. Sahani niliyokula kila siku katika bwalo la chuo kwa sehemu kubwa ililipwa na mchezo ambao hadi leo sijazielewa vizuri sheria zake.

Halafu watu wakaanza kukata kebo. ESPN, chaneli kubwa kuliko zote za michezo nchini humo, ilikuwa na takriban kaya milioni 100 mwaka 2011, na kufikia mwaka 2024 idadi hiyo ilikuwa imeshuka chini ya milioni 70. Machi 2023 kampuni ya Diamond Sports, iliyomiliki vituo vingi vya michezo vya mikoani, iliomba mahakamani ulinzi wa mfilisika. Mtazamaji aliyehamia kwenye huduma za mtandaoni hulipia anachokitaka tu, na yule mwenye nyumba asiyependa michezo, aliyekuwa akichangia michezo ya vyuo bila kujua, hachangii tena.

Hapa wengi hukosea, na mimi nilikosea kwa muda mrefu. Fedha za televisheni hazikupungua kwa kila mtu. Kadiri kebo ilivyodhoofika, michezo mikubwa ya moja kwa moja ilibaki kuwa karibu kitu pekee ambacho bado kinawakusanya watazamaji wengi kwa wakati mmoja, kwa hiyo wanunuzi wakawa tayari kulipa zaidi kwa majina makubwa na kuwaacha wengine. Agosti 2022 konferensi ya Big Ten ilitangaza mikataba ya miaka saba na kampuni za televisheni za Fox, CBS na NBC yenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 7. Mwaka mmoja baadaye, konferensi ya Pac-12 ya pwani ya magharibi, yenye historia inayoanzia mwaka 1915, ilivunjika kwa kukosa mkataba ambao wanachama wake wangekubali.

Nawasimulia wakimbiaji wangu kisa cha Pac-12 mara nyingi kuliko kingine chochote, kwa sababu ndani yake kimo chuo ambacho Afrika Mashariki inapaswa kukijua. Washington State kiko Pullman, mji mdogo katikati ya mashamba ya ngano. Hapo ndipo Samson Kimombwa alikuwa mwanafunzi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwaka 1977, na hapo ndipo Henry Rono alikuwa akisoma mwaka 1978 alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Julius Korir, bingwa wa Olimpiki wa mita 3,000 kuruka viunzi na maji mwaka 1984, alipita hapo, na Bernard Lagat pia. Kama yuko mzazi wa Kenya au Tanzania aliyedhani kwamba kuna chuo ambacho mlango wake hautafungwa kwa mkimbiaji wetu, angekitaja hicho.

Mwaka 2011 Pac-12 ilikuwa imesaini mkataba wa miaka 12 na ESPN na Fox wenye thamani ya takriban dola bilioni 3, na mwaka uliofuata ikaanzisha chaneli zake yenyewe bila mshirika wa televisheni. Kampuni ya setilaiti ya DirecTV haikukubali kamwe kuzibeba chaneli hizo, na mapato yakabaki nyuma ya matarajio. Juni 2022 vyuo vya USC na UCLA vikatangaza kuhamia Big Ten. Mkataba ulipokaribia kuisha, kilichokuwa mezani ni pendekezo la Apple la kuonyesha michezo mtandaoni, ambalo mapato yake yangetegemea idadi ya watakaojiandikisha. Agosti 4, 2023, ndani ya siku moja, vyuo vitano viliondoka. Stanford na California, vilivyo kando ya Bahari ya Pasifiki, vikaishia katika konferensi yenye jina la pwani ya Atlantiki, na wanafunzi wao wa michezo wakaanza kuvuka bara zima kwa ndege kwenda kushindana. Waliobaki ni wawili: Oregon State na Washington State. Juni 2025 Washington State ikatangaza kwamba timu yake ya riadha itaelekezwa kwenye mbio ndefu, ikaziondoa fani za kuruka na kurusha na kupunguza mbio fupi.

Mwanafunzi wangu mmoja alifurahi niliposimulia hayo, akasema mbio ndefu ndizo zilizobaki. Ni kweli. Mbio ndefu zinahitaji viatu na barabara, hazihitaji magodoro ya kurukia wala uzio wa kurushia kisahani na nyundo. Lakini mrusha mkuki aliyejiunga na chuo hicho mwaka 2023 naye alikuwa na barua mkononi, na mzazi wake naye alifurahi.

Mwaka huohuo wa 2025 liliongezeka jambo la pili. Juni 6 Jaji Claudia Wilken aliidhinisha suluhu ya kesi ya House dhidi ya NCAA, inayotoa takriban dola bilioni 2.8 kama fidia kwa wanamichezo wa miaka iliyopita na kuviruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo wa sasa moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo kimoja katika mwaka wa kwanza. Nakubaliana na haki hiyo kwa moyo wote. Vijana waliotajirisha televisheni walistahili sehemu yao zamani. Hata hivyo sehemu kubwa ya fedha hizo inakwenda kwa wachezaji wa futiboli na mpira wa kikapu, na zinatoka katika bajeti ileile iliyokuwa ikilisha riadha. Suluhu hiyo pia imeweka ukomo wa idadi ya wanamichezo katika vyuo vilivyoikubali: 17 kwa timu ya mbio za nyika na 45 kwa riadha. Zamani kocha angeweza kumbeba kijana wa thelathini katika orodha akimtegemea akomae baada ya miaka miwili. Sasa mwanya huo umebanwa.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mzazi wa Dareda, na kwako unayesoma ukiwa na barua kama hiyo mezani, unaanza na utafiti wa jioni moja. Tafuta chuo kiko konferensi gani, mkataba wake wa televisheni unaisha lini, na kama kimewahi kuhama au kuachwa na wenzake katika miaka mitano iliyopita. Wizara ya Elimu ya Marekani huweka mtandaoni mapato na matumizi ya michezo ya kila chuo kinachopokea fedha za serikali kuu. Huhitaji kuwa mhasibu kuona kama karibu kila kitu kinategemea futiboli. Chuo cha katikati, kinachojitahidi kushindana na matajiri huku mkataba wake wa televisheni ukipungua, ndicho kinachonitia wasiwasi zaidi. Vyuo vidogo visivyoonekana kabisa kwenye televisheni wakati mwingine ni salama zaidi kwa upande huu, kwa sababu timu zao huendeshwa kwa ada na michango, na riadha kwao ni njia ya kuvutia wanafunzi. Najua jina dogo halipendezi likitangazwa kanisani. Linasomesha.

Kisha isome barua yenyewe neno kwa neno. Ufadhili ni wa mwaka mmoja unaohuishwa, au ni hadi shahada? Unalipia ada yote, chakula, malazi, vitabu na bima ya afya, au sehemu tu? Yaliyobaki atalipa nani? Ikija siku ambayo timu imefutwa au kocha amehama, chuo kimeahidi nini? Ahadi iwe kwa maandishi, kutoka kwa ofisi ya michezo. Maneno ya kocha kwenye WhatsApp yanaweza kuwa ya dhati kabisa na bado yasikusaidie, maana kocha naye anaweza kuondolewa siku moja na wewe. Wa kwetu aliondolewa.

Wavulana wanahitaji tahadhari ya ziada. Sheria ya Title IX ya mwaka 1972 inavidai vyuo usawa wa nafasi kati ya wanawake na wanaume, na kwa kuwa futiboli pekee hujaza nafasi nyingi za wanaume, chuo kinachotaka kupunguza gharama mara nyingi hufuta timu ndogo za wanaume kwanza. Sheria hiyo imewafungulia mabinti milango ambayo isingefunguka vinginevyo, na siilaumu. Lakini kijana ajue. Hata Clemson, chuo chenye nguvu kubwa katika futiboli, kilitangaza Novemba 2020 kufuta riadha na mbio za nyika za wanaume, kikabatilisha uamuzi huo Aprili 2021 baada ya kushinikizwa. Utajiri wa futiboli haukuwa kinga.

Wala usipange maisha kwa kutegemea fedha za jina na picha, yaani malipo ya matangazo ya biashara yanayomtumia mwanamichezo, ambazo wanamichezo wameruhusiwa kuzipata tangu Julai 2021, wala mgao mpya wa chuo. Viza ya mwanafunzi, iitwayo F-1, ina masharti makali kuhusu kazi, na mwanafunzi wa kigeni anayeyakiuka huhatarisha kukaa kwake nchini humo. Aonane kwanza na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa.

Mwisho kuna swali ambalo mzazi na mtoto wanapaswa kujibizana bila mimi kuwapo: kama timu ingefutwa katika mwaka wa pili, je, angependa kubaki katika chuo hicho, kwa kozi hiyo, katika mji huo? Mimi nilibaki kwa sababu barua iliniruhusu na kwa sababu nilikuwa nimeipenda takwimu. Mwenzangu wa Eldoret alipata nafasi katika chuo kidogo majimbo mawili mbali, akahitimu mwaka mmoja baada yangu.

Binti wa Dareda alimwandikia kocha maswali manne kwa mkono wake, kwa heshima, na nikamsaidia kusahihisha Kiingereza tu. Majibu ya maswali matatu yalifika ndani ya siku mbili, yakiwa wazi na ya ukarimu. Swali la nne, lile la timu ikifutwa, kocha alisema amelipeleka ofisi ya michezo. Baba yake amenikubalia kwamba barua haitasainiwa kabla jibu hilo halijafika kwa maandishi, na binti anaendelea na mazoezi yake ya alfajiri.