Fomu Inayogoma Kutumwa kwa Simu

SWALI: Ndugu Mhariri, ninatunza tovuti ya chama chetu cha akiba na mikopo hapa Mbale, Uganda. Kwenye kompyuta ya ofisini fomu ya kujiunga inafanya kazi vizuri, lakini wanachama wa vijijini wanalalamika kwamba wakibonyeza "Tuma" kwenye simu zao, hakuna kinachotokea. Wakipakia ukurasa upya, yote waliyoandika yamefutika. Nifanyeje? Ninaambatisha msimbo wa ukurasa, yaani maagizo yanayouunda.
Msomaji, Mbale

JIBU: Ndugu msomaji, umefanya vyema kuambatisha msimbo, maana ndani yake kasoro inaonekana wazi. Hicho unachokiita kitufe si kitufe. Ni kisanduku cha div, yaani sehemu ya ukurasa isiyo na kazi yake yenyewe, kilichopakwa rangi ya kijani, na kazi yote ya kutuma umeiachia skripti ya JavaScript, yaani maagizo yanayotekelezwa na kivinjari, programu ya kufungulia tovuti. Skripti isipofanya kazi, mwanachama anabonyeza rangi tupu.

Na kwenye simu nyingi za zamani skripti yako haiwezi kufanya kazi. Katika mstari wa tisa umetumia alama ya kuuliza inayofuatwa na nukta, mtindo ulioingia rasmi katika JavaScript mwaka 2020. Kivinjari cha kabla ya hapo hakiuruki mstari kisichouelewa. Hulikataa faili zima, pamoja na mistari yote iliyo sahihi. HTML, lugha ya kuunda kurasa, haina ukali huo, kwani kivinjari kikikuta tagi (alama ya lugha hiyo) kisichoijua huipuuza na kuendelea. Kompyuta ya ofisini hujisasisha yenyewe, ndiyo maana hukuliona tatizo. Zaidi ya hayo, wapo wanaotumia kivinjari cha Opera Mini ili kubana matumizi ya bando, jambo linaloeleweka katika nchi ambamo data ya intaneti inatozwa ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021. Kivinjari hicho, kikiwa katika hali yake ya kubana zaidi, hutayarisha ukurasa kwenye seva zake, yaani kompyuta za mbali zinazohudumia tovuti, na skripti huruhusiwa kufanya kazi kidogo sana.

Kwa hiyo, anza na tagi ya form yenye anwani ya kupelekea taarifa na njia ya post, inayopeleka yaliyojazwa kwenye seva, kisha weka button halisi ya aina ya submit. Fomu ya namna hiyo hutumwa hata pasipo skripti. Ukaguzi wa taarifa ufanyike kwenye seva, na skripti ije baadaye kumrahisishia kazi mwenye simu mpya. Sehemu ya namba ya simu ipe aina ya tel ili kibodi ya tarakimu ijitokeze, na upokee namba inayoanza na 0 sawa na inayoanza na +256, iwe na nafasi katikati au isiwe nazo.

Jambo linalonigusa zaidi ni kufutika kwa maandishi. Mama aliyechapa kwa kidole gumba herufi na tarakimu 14 za namba yake ya utambulisho wa taifa, akazipoteza, ana haki ya kukata tamaa. Palipo na kosa, seva imrudishie fomu ikiwa na yote aliyojaza, na maelezo yakae kando ya sehemu yenye kosa, si juu kabisa ya ukurasa.

Ukimaliza, zima JavaScript katika mipangilio ya kivinjari chako, uijaze fomu mwanzo hadi mwisho. Halafu azima simu ya mmoja wa waliolalamika, ujaribu tena.